Lori la Ng'ombe Mmoja na Mbuzi Wanne

Kwanza nisafishe jina langu. Watu wanasema mimi ni mtu wa maneno mengi. Si kweli. Mimi nasema yale yanayohitaji kusemwa, na kama yanayohitaji kusemwa ni mengi, hilo ni kosa la dunia, si langu. Mume wangu anaweza kuthibitisha, ila nikimwuliza mbele za watu huwa anacheka na kutazama pembeni.

Habari yenyewe ni ya lori. Mimi na mume wangu tuna shamba la nyanya, ekari mbili na nusu. Watoto wameshakuwa watu wazima, wameenda kwao. Kutoka kwetu mpaka soko kubwa ni kilomita kumi na nane, na nyanya haina miguu. Kwa hiyo miaka yote tulimtegemea mnunuzi mmoja mwenye gari la mizigo, ambaye sisi wakulima tulimbatiza jina la Nakuja, kwa sababu ukimpigia simu hilo ndilo jibu lake. "Nakuja mama, nakuja." Ukisikia hivyo ujue bado yuko kitandani. Msimu uliopita alisema anakuja Jumatatu, akatokea Ijumaa. Nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maji. Akazikagua huku kaziba pua, akachukua makreti tisa kati ya hamsini, kwa bei aliyojipangia mwenyewe, akaondoka zake.

Msimu huu, nyanya zilipoanza tu kubadilika rangi, tulikutana naye kwenye duka la mbegu na dawa. Wakulima wengine kama kumi walikuwepo. Akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama, za mwaka huu usiache ziive sana kama zile."

Damu ikanipanda kichwani. Nikampa vidonge vyake, nikaanzia utosini nikamalizia kwenye matairi. Nikamwambia asikanyage tena shambani kwangu, nyanya zangu nitazibeba mwenyewe, na bei nitakayouzia sokoni ataisikia kwenye redio. Watu wakapiga makofi. Nikatoka dukani kichwa juu, na nilipofika njia panda ndipo nikakumbuka kwamba sina hata toroli.

Basi nilikuwa nimejifunga mwenyewe. Nyanya zilikuwa na wiki mbili, zikizidi sana siku kumi na tano. Nikikosa usafiri, njia ingebaki moja: kumpigia simu Nakuja na kumwomba, naye angenijibu lile neno lake huku anacheka. Ni afadhali nizile zote mwenyewe bila chumvi.

Mume wangu ndiye aliyenitajia lori. Alisema, "Kwa Fundi Kimya kuna lile..." na kabla hajafika mwisho wa sentensi nilikuwa nimeshavaa viatu, naye akanifuata nyuma.

Fundi Kimya ana gereji upande wa pili wa mto, na jina lake si la kumsingizia. Anaweza kufungua injini yako yote na kuifunga tena bila kukuambia hata karibu. Ukimwuliza gari lina tatizo gani, anakuonyesha kwa spana. Zamani marehemu mkewe ndiye aliyekuwa anapokea wateja. Tangu afariki, salamu zilikwisha pale gereji. Mume wangu alikaa naye dawati moja shuleni, na anasema hata wakati ule alikuwa akijibu kwa kunyoosha kidole.

Lori lilikuwa nyuma ya gereji, chini ya paa la bati. Ni la petroli, la zamani kweli, la pua ndefu ya mviringo na kioo cha mbele kilichogawanyika vipande viwili. Rangi yake iliwahi kuwa ya kijani. Bodi ya nyuma ya kupakilia mizigo ni ya mbao, na kwenye kona moja ya bodi kuku alikuwa ameatamia mayai, akatutazama kama sisi ndio wageni wasio na adabu. Nikalizunguka mara mbili. Nikapiga teke tairi, maana nimeona wanaume wakifanya hivyo.

"Fundi, hili lori linatembea?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Unaliuza?"

Akatikisa kichwa kukataa. Nikakata tamaa, nikageuka niondoke, ndipo akafungua mdomo.

"Nabadilisha," akasema. "Kwa mifugo."

"Mifugo? Wewe fundi mifugo ya nini?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akapumua. "Macho yamechoka, shemeji. Nati ndogo sizioni tena. Nikipokea hela, wanangu wote wataugua siku hiyohiyo, waje kuiomba. Nataka kitu kinachozaa. Hili nimekaa nalo miaka kumi na tisa, halijanizalia hata baiskeli."

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba hajawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile tangu darasa la nne.

Tukaanza kupatana. Yaani mimi nikaanza kupatana, yeye akawa anatikisa kichwa. Alitaka ng'ombe wawili. Nikamwambia kwa ng'ombe wawili angeniongezea na gereji. Tukapanda, tukashuka, kuku akashuka naye akaenda kutafuta utulivu kwingine, mwishowe tukafika mahali: ng'ombe mmoja na mbuzi wanne. Ng'ombe tuliyekuwa naye wa maziwa alikuwa mmoja, tunamwita Shangazi, kwa sababu ana ile namna ya kukutazama kuanzia juu mpaka chini kisha akageuza uso. Ndama wake tulikuwa tumeshamwachisha. Mbuzi walikuwa majike watatu na beberu tuliyempa cheo cha Mwenyekiti, maana hakuna kitu kirefu ambacho hatapanda juu yake.

Tukawekeana masharti, mume wangu akiwa shahidi. Siku saba za kujaribu. Asiyeridhika anarudisha alichochukua, na mwenzake anapokea bila kununa. Na kila mmoja ataje palepale kasoro za mali yake, asifiche hata moja.

Nikataja za kwangu. Shangazi ana teke la mguu wa kushoto, hapendi kunyeshewa, na nguo ikianikwa karibu naye anaila. Mwenyekiti nilimwelezea peke yake, ikachukua muda.

Fundi akataja za kwake akihesabu kwa vidole. "Mlango wa kushoto unafunguliwa kwa kijiko. Honi inalia yenyewe ukikata kulia. Breki kanyaga mapema." Akafikiri kidogo. "Basi."

Naapa hakuna aliyeficha kitu. Kila mtu alitaja alichokijua.

Jumapili Fundi akalileta lori mwenyewe, akaliegesha mbele ya banda letu, akaondoka na wanyama wake kwa miguu. Nilimsindikiza Shangazi mpaka darajani. Niliporudi nilipanda kwenye kiti cha dereva nikashika usukani, na moyo wangu ulifurahi kupita kiasi. Kabla sijaolewa niliendesha trekta miaka saba kwenye shamba moja kubwa, na tangu siku zile sijawahi kukaa juu kiasi hicho. Soko lilikuwa Jumamosi. Nikasema Jumatatu nitafanya mazoezi, Ijumaa tutapakia, Jumamosi Nakuja atakula vumbi langu.

Jumatatu lori likagoma.

Nilifanya kila kitu sawasawa. Nikafungua swichi, nikaliambia, "Haya mzee, tusiaibishane, twende," nikavuta choki, nikapiga stata. Likasema nguru, nguru, nguru, likanyamaza. Nikaliuliza lina shida gani. Nikapiga tena. Nikalikumbusha kwamba nimelitolea ng'ombe mzima. Nikapiga tena. Kufika saa nne betri ilikuwa imekufa na mimi nimekauka koo.

Jumanne tukapeleka betri ikachajiwe. Jumatano asubuhi tukaifunga, nikalisemesha tena kwa upole, halafu bila upole, nguru nguru nguru, kimya. Nikaita majirani wanane walisukume kwenye mteremko. Likashuka vizuri sana. Likaenda mpaka bondeni likasimama katikati ya kabichi za jirani, na injini haikukohoa hata mara moja. Ilibidi tuazime maksai wa jirani huyohuyo wa kabichi kulirudisha, na alituazima bila kusema neno, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana.

"Mama Watoto," mume wangu akaanza, tukiwa nyuma ya bodi, "mimi naona kama..."

"Usione. Sukuma."

"Lakini hilo lori ukifungua swichi..."

"Nimeshafungua swichi mara mia! Sukuma!"

Akasukuma. Ni mume mzuri, namsema tu.

Jioni ile ile Nakuja akapita barabarani. Akapunguza mwendo mbele ya banda letu, akatoa kichwa dirishani, akalitazama lori, akanitazama mimi nilivyojaa matope. "Mama," akaniita, na meno yote nje, "nakuja?"

Nikaingia ndani nikakaa jikoni gizani. Nyanya zilikuwa zimeiva sawasawa. Asubuhi nilikuwa nimepita kwenye mistari nikizishika moja moja. Ngozi imekaza, rangi imekolea, zinanukia. Zilikuwa nzuri kuliko mwaka wowote, na sikuwa na pa kuzipeleka. Simu ilikuwa mezani na namba ya Nakuja imo ndani. Niliigeuza uso chini ili nisiione.

Alhamisi asubuhi nikasikia kengele ya mbuzi. Nikatoka. Fundi Kimya huyo anapanda njia ya kwetu, kamba ya Shangazi mkononi, mbuzi nyuma, na Mwenyekiti anatafuna kipande cha mkanda wa feni. Fundi alikuwa anachechemea. Kwenye suruali yake, juu kidogo ya goti la kulia, kulikuwa na alama ya kwato kamili.

"Sijaridhika," akasema.

"Wewe ndiye hujaridhika?" Nikashika kiuno. "Wewe? Mimi nimepewa banda la kuku lenye usukani, siku nne halijawaka hata dakika moja, halafu wewe ndiye unakuja kwangu hujaridhika?"

Akainua kidole kimoja. "Kikombe kimoja. Maziwa. Siku nne."

"Shangazi? Kikombe? Huyu ng'ombe anajaza ndoo!"

"Kikombe."

Unaweza kunitukana mimi, nitakujibu tutamaliza. Lakini kumsingizia ng'ombe niliyemlea tangu ndama! Nikaingia ndani nikatoka na ndoo na kigoda, nikakaa chini ya Shangazi palepale uani, nikaegemeza kichwa ubavuni kwake, nikaanza kukamua. Kiwele kilikuwa kigumu kwa kujaa, maskini. Nilikamua bila kuinua uso, na nilipomaliza povu lilikuwa limefika mdomoni mwa ndoo.

Nikaiweka mbele ya Fundi. "Haya. Hesabu vikombe."

Fundi aliitazama ndoo, akamtazama Shangazi, na Shangazi akageuza uso. Kisha bila kusema lolote akaliendea lori. Akapanda. Tulimwona amekaa tu, mikono mapajani. Nikafikiri anasali. Baada ya muda akapiga stata mara moja tu, na lori likanguruma likawaka, moshi ukatoka, kuku wetu wakatawanyika.

Nikamkimbilia dirishani. "Umelifanya nini?"

"Sijalifanya kitu. Wewe ng'ombe umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu!"

Tukatazamana, kila mtu na hakika kwamba mwenzake ni tapeli.

Mume wangu alikuwa amekaa juu ya kreti lililopinduliwa, anacheka. Si kucheka kwa kawaida. Machozi yalikuwa yanamtoka na anajishika mbavu.

"Unacheka nini, badala ya kusaidia?"

"Mama Watoto, mimi tangu Jumatatu nataka..."

"Tangu Jumatatu unataka nini, umekaa kwenye kreti tu, ungekuwa unajua kitu si ungesema..."

Fundi akazima injini. Akateremka polepole, akasimama katikati yetu, akachomoa spana mfukoni, akainyoosha kumwelekea mume wangu.

"Shemeji," akasema. "Mwache amalize."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Uani pakawa kimya mpaka mbuzi wakaacha kutafuna. Mume wangu mwenyewe hakuwa tayari. Akakohoa, akajikuna shingo, ikabidi kwanza ayatafute maneno yalipo.

"Hilo lori," akasema, "ukifungua swichi, linagonga. Chini ya kiti. Tik, tik, tik. Ni pampu inapeleka mafuta, maana likilala mafuta yanarudi yote. Likishajaa linaacha kugonga, ndipo unapiga stata. Fundi alikaa akasikiliza mpaka likanyamaza. Wewe ukifungua swichi unaanza kuligombeza, husikii kitu, unapiga stata bado halina hata tone, betri inakufa bure."

"Linagonga?" nikauliza.

"Linagonga."

Fundi alikuwa ananitazama kwa mshangao wa kweli. "Husikii?" Kumbe hakulitaja siku ile kwa sababu haikumjia kabisa kwamba kuna mtu anaweza asisikie. Kwake ile sauti ilikuwa kubwa kama ngoma.

"Na ng'ombe?" akauliza.

"Shangazi," mume wangu akasema, sasa ameshapata kasi, "tangu uzao wake wa kwanza anakamuliwa huku anasimuliwa. Nani kaoa, nani kagombana na nani, bei ya mbolea, mvua. Hajawahi kukamuliwa kimya. Wewe unakuja, unakaa, husemi kitu, unamshika. Anadhani ni mwizi. Anabana maziwa anakupiga teke."

"Nani anaongea na ng'ombe?" nikauliza. "Mimi? Mimi naongea na ng'ombe?"

Wanaume wawili wakanitazama. Hata Shangazi akanitazama.

"Sasa hivi tu umemweleza habari za kabichi," mume wangu akasema, "zote, mpaka maksai."

Naapa kwa kiapo chochote mnachokitaka, sikujua.

Basi siku ile ikawa siku ya shule. Tulianza na Fundi, kwa sababu mimi niliomba tuanze na Fundi. Jioni, maziwa yaliporudi kidogo, akakaa kwenye kigoda, akaegemeza kichwa, akakaa kimya. "Ongea," nikamwambia. Akageuza uso, aibu imemjaa mpaka masikioni.

"Niseme nini?"

"Chochote. Hachagui."

Akamgeukia Shangazi. "Spana namba nane," akasema. Kimya. "Spana namba kumi. Spana namba kumi na mbili. Kumi na tatu ilipotea, nadhani mwenye lile basi la bluu alikwenda nayo." Shangazi akashusha sikio moja. "Namba kumi na nne. Bisibisi ya nyota, bisibisi bapa mbili, moja mpini umevunjika." Maziwa yakaanza kulia ndooni, chrr, chrr, na Fundi akapata moyo, akaingia kwenye vipuri, akapita kwenye klachi, akafika kwenye giaboksi ndoo ikiwa nusu. Mume wangu alilazimika kwenda nyuma ya banda kucheka. Halafu vipuri vikaisha, na Fundi hakunyamaza. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Mke wangu angekupenda wewe. Alikuwa mtu wa kuongea." Mimi na mume wangu tukajifanya tunashughulika na mbuzi.

Kisha zamu yangu. Nikapanda, nikafungua swichi, nikatega sikio. Sikusikia kitu. "Sisikii kitu," nikasema. "Kwa sababu unasema husikii," akajibu mume wangu. Mara ya pili nilisikia kitu kama mdudu ndani ya kibiriti, nikapiga kelele, "Nimelisikia!" nikapiga stata kwa furaha, nguru nguru nguru. Kukaa kimya ni kazi ngumu kuliko kupalilia, msidanganyike. Mara ya tatu nilijifunga kitambaa mdomoni. Tik, tik, tik. Tik, tik. Tik. Likanyamaza. Nikapiga stata, injini ikawaka mara moja, nami nikakivuta kitambaa nikapiga vigelegele mpaka jirani wa kabichi akatoka nje.

Fundi akaondoka na ng'ombe wake na mbuzi. Tulimsikia mpaka darajani, anamweleza Shangazi habari za rejeta.

Ijumaa tukachuma na kupakia makreti hamsini na nne. Jumamosi alfajiri, bado kuna baridi, nikampiga mume wangu begani, akafungua mlango wa kushoto kwa kijiko akapanda kando yangu. Makreti hamsini na nne nyuma, soko linafunguliwa saa moja, na betri ile haikuwa na nguvu ya kukosea mara mbili. Nikafungua swichi, nikabana midomo.

"Mimi nitasikiliza," mume wangu akasema. "Nimezoea kusikiliza kitu huku kuna mtu anaongea. Wewe nyamaza tu, nitakugusa goti likiacha."

Tik, tik, tik. Kwa ile baridi pampu ilikuwa nzito, inachukua muda wake. Mume wangu alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo chenye umande.

"Mwaka jana," akasema, "zile nyanya zilizooza. Uliniambia umewapa nguruwe wa jirani."

Niligeuza kichwa. Akanionyesha mkono kwamba nitulie.

"Nilikuona. Ulichimba shimo nyuma ya banda ukazifukia peke yako, makreti arobaini na moja. Halafu ukakaa chini kwenye udongo ukalia. Nilikuja mpaka kwenye kona. Nilikuwa na maneno. Lakini nikajua ukiniona utaanza kunigombeza, ili nisiseme kwamba unalia, na mimi nitarudi na maneno yangu mfukoni. Nikaona nirudi nayo mapema. Ninayo tangu siku ile."

Tik, tik. Tik.

"Si mengi. Nilitaka kukuambia zile nyanya zilikuwa nzuri. Hukukosea kitu. Hakuna anayelima kama wewe hapa, na mimi najivunia kwenda popote nikasema huyu ni mke wangu. Basi, ni hayo."

Tik.

Akanigusa goti. Nikapiga stata, injini ikawaka.

Sasa nilikuwa huru kusema. Nilikuwa na miaka thelathini na moja ya mambo ya kumwambia yule mwanamume, na sauti haikutoka. Nililia tu, machozi yananitiririka kwenye usukani, nikaingiza gia nikaondoka. Barabarani tulimpita Nakuja anaosha gari lake mbele ya nyumba yake. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeyaandaa wiki nzima, yamepangwa vizuri, na yalikuwa matamu. Nikampita bila hata kumtazama. Mume wangu ndiye aliyempungia mkono.

Tulifika sokoni jua linachomoza. Hatujateremsha hata kreti moja, mama mmoja mwenye mgahawa akatujia na mkoba wake kwapani. Akachukua nyanya moja, akaibonyeza, akainusa. Akaniuliza bei gani kreti.

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akaniuliza tena, polepole zaidi, labda alidhani sisikii.

Mume wangu hajawahi kutaja bei ya kitu chochote maishani mwake. Akateremka kwenye lori, akasimama mbele ya yule mama, akataja bei ambayo mimi, pamoja na mdomo wangu wote, nisingethubutu kuitaja.

"Ghali hivyo?" mama akashtuka. "Kwa nini?"

"Kwa sababu aliyezilima ni huyu," mume wangu akasema, akaninyooshea mkono.

Yule mama alinitazama nilivyokuwa na macho mekundu na matope kwenye kucha. Kisha akafungua mkoba. "Niteremshie kumi," akasema.

Watu wengine walikuwa wameanza kusogea. Nikapanda nyuma nikawa ninamshushia mume wangu makreti moja moja, naye anaendelea kuwaeleza habari za nyanya zangu, na mimi namsikiliza.